Asilimia 2.75 Haikuwa Kwenye Mswada

Mhadhara kwa wakazi wa Buruburu, Nairobi

Jumamosi jioni kila mtu ana shughuli zake, na mimi nimewaita kusikiliza habari za miswada ya afya.

Nianze na nyumba tunamoishi. Ujenzi wa Buruburu ulianza mwaka 1973, ukasonga awamu baada ya awamu hadi mwanzo wa miaka ya 1980. Fedha nyingi zilitoka kwa Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, chombo cha serikali ya Uingereza, na nyumba zikauzwa kwa mkopo wa miaka mingi. Wazee mlioketi mbele mnakumbuka ulichohitaji ili upewe funguo: mshahara, na karatasi ya kuuthibitisha. Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya karani, mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa reli, mtu ambaye mwisho wa mwezi jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mwajiri.

Miaka saba kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa hapa, mwaka 1966, Bunge lilikuwa limeunda Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, ile ambayo sote tuliijua kama NHIF. Nayo ilimtambua mtu kwa mshahara wake. Mwajiri alikata, hazina ikapokea, na ukilazwa hospitali ikakulipia sehemu ya gharama. Kwa hiyo mtaa wetu na hazina ile walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Sasa tokeni nje mkatembee Barabara ya Mumias Kusini hadi kwenye maduka. Pale palipokuwa na bustani ndogo mbele ya nyumba pana kibanda cha M-Pesa, saluni, bucha, duka la kuchapisha karatasi, fundi wa simu. Nyuma pameongezwa vyumba vya kupangisha, vingine ghorofa juu ya ghorofa. Watoto na wajukuu wa wale wenye mishahara wamekuwa wafanyabiashara wadogo. Hawana mwajiri wa kuwakata. Nani alipie matibabu yao, alipe kiasi gani, na akishindwa afanywe nini? Hayo ndiyo maswali ambayo Bunge letu limekuwa likiyazungusha kwa zaidi ya miaka 20, na leo nataka kuwaonyesha yanavyozungushwa, ni wapi yanajibiwa, na kwa nini majibu hutufikia tukiwa tumechelewa.

Wengi mnakumbuka jaribio la kwanza kubwa. Mwaka 2004, Charity Ngilu akiwa Waziri wa Afya, alipeleka bungeni mswada wa kuunda hazina ya kitaifa ya bima ya afya ya jamii. Ulikusudia kila Mkenya awemo, mwenye mshahara na asiye nao, na asiyejiweza alipiwe na serikali. Waajiri walinung'unika, kampuni za bima zikapinga, na ndani ya serikali yenyewe wenye kushika fedha wakauliza mabilioni yatatoka wapi. Hata hivyo Bunge likaupitisha Desemba 2004. Mtaani watu wakashangilia wakidhani kazi imekwisha. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini, akaurudisha, na hapo ukafia.

Nilikuwa mmoja wa walioshangilia. Sikujua wakati ule kwamba mswada uliopitishwa na Bunge haujawa sheria, na sidhani nilikuwa peke yangu katika kutojua. Shuleni tulifundishwa kwamba Bunge hutunga sheria, basi. Hatukufundishwa njia.

Njia yenyewe leo imeandikwa katika Katiba ya 2010, kuanzia Kifungu cha 109. Mswada unachapishwa kwanza, na Kanuni za Kudumu zinataka siku 14 zipite kabla haujaingia ukumbini, ingawa wabunge wanaweza kukubaliana kuzipunguza, na mara nyingi hukubaliana. Kisha unasomwa kwa mara ya kwanza. Neno "kusomwa" lisiwadanganye: karani husimama akataja jina la mswada, akaketi. Hakuna mjadala wala kura. Mara moja unapelekwa kwenye kamati, na mswada wa afya huenda kwa Kamati ya Afya.

Hapa naomba tutue, kwa sababu ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Kamati ni wabunge wachache mezani, makarani wao, wanasheria wa Bunge, na rundo la karatasi. Wana muda wa siku 20 kuandika ripoti. Kifungu cha 118 cha Katiba kinawataka wawashirikishe wananchi, hivyo wanaweka tangazo gazetini: mswada fulani umefika, leteni maoni kabla ya tarehe fulani. Mara nyingi tarehe hiyo iko wiki moja au mbili mbele. Wanaofika ni nani? Chama cha madaktari, chama cha wauguzi, muungano wa hospitali za binafsi, waajiri, kampuni za bima, kampuni za dawa, mashirika yenye mawakili. Hawa wote wana watu wanaolipwa kusoma matangazo. Sina lawama nao. Wanafanya kazi yao. Ila maoni yao ndiyo yanayojaza ripoti, na ripoti ndiyo inayozaa marekebisho, na marekebisho ndiyo sheria utakayokutana nayo kwenye dirisha la hospitali.

Nimewahi kuketi na kikundi cha akina mama wa Awamu ya Nne tukiandika maoni juu ya mswada wa watu wenye ulemavu. Tulikaa sebuleni kwa mmoja wao, chai mezani, mswada umechapishwa kwa karatasi zilizokunjika. Kamati hupenda maoni yaletwe kwenye jedwali: safu ya kwanza namba ya kifungu, ya pili mabadiliko unayopendekeza, ya tatu sababu. Mama mmoja ana mtoto wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo, humbeba mgongoni hadi kituo cha matatu. Alisoma kifungu kimoja polepole, kidole juu ya mstari, akasimama kwenye neno moja la Kiingereza. Lilikuwa neno la kusema kwamba serikali inaweza kutoa msaada fulani. Akauliza, "Mwalimu, hapa wamesema wanaweza. Na wasipotaka?" Tukaandika kwenye safu ya pili: liondolewe neno la "inaweza", liwekwe la "ni lazima". Kwenye safu ya tatu aliandika sababu yake mwenyewe kwa sentensi moja, na sikuigusa.

Kazi ya kamati ndiyo hiyo hasa. Neno moja linaondolewa, jingine linawekwa, na haki inaanza au inakufa. Jambo hilo haliwezi kufanyika vizuri kwenye mkutano wa hadhara, wala katika hotuba ya mbunge wetu mazishini. Hufanyika mezani, na asiyekuwa mezani husomewa matokeo.

Baada ya ripoti mswada unasomwa kwa mara ya pili. Huo ndio mjadala mnaouona kwenye televisheni, wabunge wakisema wanaunga mkono au wanapinga. Ukipita, Bunge zima linageuka kamati na kupitia kifungu kwa kifungu. Kisha unasomwa kwa mara ya tatu na kura ya mwisho inapigwa. Hatua hizi nazipita haraka, maana mara nyingi zinathibitisha yaliyokwisha kuamuliwa kamatini.

Kuna Seneti pia. Afya imegawanywa na Katiba: sera na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu, huduma nyingine ni za kaunti. Ndiyo sababu zahanati zetu za Jericho na Makadara na Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ziko chini ya Kaunti ya Nairobi. Mswada unaogusa kaunti lazima upite mabunge yote mawili, lile la wabunge 349 na lile la maseneta 67. Wakitofautiana, kamati ya upatanishi inaundwa, nayo ina siku 30. Isipoafikiana, mswada umekufa. Bunge la Kitaifa lilipuuza hatua hii ya Seneti mara nyingi, na Oktoba 2020 Mahakama Kuu ikabatilisha sheria 23 kwa kosa hilo. Sheria ya Hazina ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, ya 2013, inayohusu pensheni za wengi wenu hapa, imezunguka mahakamani kwa zaidi ya mwongo mmoja, na mojawapo ya hoja kubwa ilikuwa hiyohiyo: je, ilipaswa kupita Seneti?

Mwisho mswada unafika kwa Rais. Ana siku 14 kutia saini au kuurudisha na sababu zake. Bunge likitaka kumshinda, lahitaji theluthi mbili ya wabunge.

Sasa tuje kwa mwaka 2023.

Serikali ya Rais William Ruto ilipeleka bungeni miswada minne kwa mpigo: ya huduma za afya ya msingi, ya afya ya kidijitali, ya fedha za kuboresha vituo vya afya, na ya bima ya afya ya jamii. Ule wa mwisho ulifuta NHIF na kuleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, pamoja na hazina tatu: moja ya huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, inayogharimiwa na serikali, ya pili ya bima tunayochangia, ya tatu ya dharura na magonjwa sugu na mahututi. Kwa fikra, haya ni makubwa. Kwa ramani yake sheria hii ni nzuri kuliko ile iliyoitangulia, na nasema hivi nikijua baadhi yenu mtanuna.

Lakini tazameni mwendo. Miswada ilifika bungeni Septemba. Tarehe 19 Oktoba Rais aliitia saini Ikulu ya Nairobi, siku moja kabla ya sherehe za Mashujaa zilizofanyika Kericho, ambazo kaulimbiu yake ilikuwa afya kwa wote. Mabadiliko makubwa zaidi ya bima ya afya tangu 1966 yalipita mabunge mawili kwa wiki chache. Nani kati yetu alipeleka maoni? Niliuliza swali hili kwenye mikutano mitatu ya wakazi, na mikono niliyoiona haikuzidi vidole vya mkono mmoja.

Mahakama nayo iliuliza. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisimamisha sheria hizo. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu ziendelee, isipokuwa vifungu vitatu, kimojawapo kile kilichotaka mtu aonyeshe uthibitisho wa usajili kabla ya kuhudumiwa na ofisi za serikali. Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakatangaza kwamba tatu kati ya sheria zile nne zinakiuka Katiba, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wakalipatia Bunge siku 120 kurekebisha. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, na tarehe 1 Oktoba SHA ikaanza kazi.

Na hili la kushirikishwa lina uzito wa kisheria. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya sigara dhidi ya Wizara ya Afya kuhusu kanuni za kudhibiti tumbaku, ilisema kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli na wenye maana, wala usiwe wa kutimiza utaratibu tu. Kesi ile ilifunguliwa na kampuni iliyotaka kanuni za afya zifutwe, ikashindwa. Lakini mizani iliyowekwa siku ile ndiyo sisi tunayoitumia sasa, na tunapaswa kuitumia zaidi.

Mwaka 2024 tulijifunza kitu hapa Eastlands. Mswada wa Fedha ulipokuja, vijana kwenye matatu za Buruburu walikuwa wakibishana juu ya kusomwa mara ya pili na mara ya tatu kama wanavyobishana kuhusu mpira. Walitafsiri vifungu, wakavisambaza kwenye simu, wakajua nani kapiga kura gani. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliunga mkono, 106 wakapinga; siku hiyo damu ya waandamanaji ilimwagika mjini, na siku iliyofuata Rais akatangaza hatautia saini. Wako wazazi katika jiji hili wanaoomboleza hadi leo, na sitaki tuipite siku hiyo kama mfano wa darasani. Ninachosema ni kwamba uwezo wa kusoma mswada tunao. Tuliuonyesha. Miezi minane kabla yake ile miswada minne ya afya ilipita tukiwa kimya.

Nimeita mhadhara huu "Asilimia 2.75 haikuwa kwenye mswada", na sasa nieleze kwa nini.

Kila mwenye mshahara anajua kwamba SHA hukata asilimia 2.75. Mwenye 50,000 hutoa shilingi 1,375, ambapo NHIF ilimkata 1,200. Mwenye 100,000 hutoa 2,750 badala ya 1,700. Mwenye 20,000 amepata nafuu: hutoa 550 badala ya 750. Huo ni uamuzi mzito, na mimi nauona wa haki zaidi, kwamba mkubwa atoe zaidi na mdogo apumue. Lakini uamuzi huo haumo katika sheria waliyoipigia kura wabunge. Sheria inasema kiwango kitawekwa na kanuni. Kanuni ziliandikwa wizarani, zikachapishwa kwenye Gazeti Rasmi Machi 2024, miezi minne na zaidi baada ya sherehe ya Ikulu. Kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi kimo humohumo. Na namna ya kukadiria mchango wa mtu asiye na mshahara pia imeachiwa huko.

Sasa mchukueni mkazi mmoja wa kufikirika, ingawa mkiangalia mtaani mtamwona. Ni mjane wa miaka 74, Awamu ya Pili. Mumewe alimaliza mkopo wa nyumba, akafariki. Nyumba ina kuta za mawe, paa la vigae vyekundu, choo cha ndani, umeme, maji ya bomba. Anaishi na mjukuu. Mapato yake ni kodi ya chumba kimoja cha nyuma na shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, zikifika. Mjukuu anashika simu, anabonyeza *147#, na maswali ya SHA yanaanza. Ukuta umejengwa kwa nini? Paa ni la nini? Choo ni cha aina gani? Mnapikia nini? Bibi anajibu ukweli, maana amelelewa hivyo. Nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mwaka 1976 inajibu kwa niaba ya mkoba wa leo. Halafu mchango wa asiye na mshahara hutakiwa kulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, hata pale biashara yake inapoingiza fedha za siku kwa siku, kama ya muuza mboga wa Mutindwa.

Kukadiria uwezo wa watu wasio na karatasi ya mshahara ni kazi ngumu katika nchi yoyote, na waliobuni maswali hayo walilazimika kuanza mahali. Hoja yangu ni kwamba Buruburu ndiyo ingeweza kuwaambia mapema. Sisi ndio tunaojua kwamba katika mtaa huu ukuta na mfuko viliachana zamani. Habari hiyo haikuwa wizarani wala Barabara ya Bunge. Ilikuwa hapa, na hakuna aliyeipeleka.

Kanuni nazo zina njia yake. Sheria ya 2013 kuhusu hati za kisheria inamtaka waziri ashauriane na watakaoguswa kabla ya kuzitunga, na azipeleke bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa. Ipo kamati maalumu ya kuzipima, nayo yaweza kupendekeza zifutwe. Ni kamati isiyopigiwa picha. Mwandishi wa habari haendi huko. Basi ndugu zangu, kama mna nguvu ya kufuatilia mahali pawili tu katika safari ya mswada wa afya, fuatilieni kamati na kanuni. Hotuba za ukumbini mtazisikia hata msipotafuta.

Tena mswada unaougusa mwili wako si lazima uitwe wa afya. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Nani angepinga? Nia ilikuwa viatu bandia, betri bandia. Lakini tafsiri yake ya bidhaa bandia ilikuwa pana kiasi cha kutishia dawa halali za bei nafuu zinazotengenezwa bila jina la kampuni kubwa, zikiwemo dawa za kupunguza makali ya VVU zilizokuwa zikiwaweka hai maelfu ya Wakenya. Watu watatu waliokuwa wakiishi na virusi walikwenda mahakamani. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu husika vinahatarisha haki yao ya uhai, utu na afya. Watu watatu wagonjwa walifanya kazi ambayo Bunge zima lilipaswa kuifanya kamatini.

Iko pia miswada inayokwenda taratibu, na ningependa vijana mzijue habari zake kwa sababu zinatia moyo. Seneta Sylvia Kasanga alileta mwaka 2018 mswada wa kurekebisha sheria ya afya ya akili ya 1989. Ulitiwa saini Juni 2022, Bunge likiwa ukingoni mwa muhula wake. Kama ungechelewa zaidi ungekufa, kwa kuwa mswada usiokamilika huzikwa pamoja na Bunge lililouleta. Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho, alileta mwaka 2023 mswada wa watu wenye ulemavu, na Mei 2025 ukawa sheria, ukichukua nafasi ya sheria ya 2003. Wote wawili waliingia Seneti kwa kuteuliwa, bila waziri nyuma yao wala wingi wa serikali wa kuwasukuma. Walivumilia vikao, marekebisho, kuahirishwa, na kupigwa chenga na ajenda nyingine. Sisi humcheka seneta mteule kwamba hana wapiga kura. Hao wawili wametuachia sheria mbili.

Nimebakiwa na jambo la lugha. Yule mama wa Awamu ya Nne alisoma mswada kwa kidole kwa sababu ulikuwa kwa Kiingereza. Miswada yetu huchapishwa kwa Kiingereza, sheria kwa Kiingereza, kanuni kwa Kiingereza, halafu tunaambiwa tushiriki. Kifungu cha 120 cha Katiba kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kiswahili kimetajwa cha kwanza. Hakuna anayeweza kukataa maoni yako kwa sababu yameandikwa kwa lugha unayotumia kumweleza daktari mahali unapoumwa. Nawaomba walimu mlio humu, na vijana wanaosomea sheria, kila mswada wa afya ukitoka mchukue vifungu vyake vizito mvitafsiri kwa karatasi mbili tatu, mzibandike kanisani, msikitini, kwenye duka la dawa, kwenye kituo cha matatu. Wakati wa Mswada wa Fedha mlifanya hivyo bila kuombwa na mtu.

Na tukubaliane jambo moja kabla hatujatoka. Chama cha wakazi kichague watu wawili, mmoja kijana na mmoja mstaafu, kazi yao iwe kusoma matangazo ya Bunge na Gazeti Rasmi kila wiki. Mswada wa afya au wa ustawi wa jamii ukitangazwa, watuite hapa ndani ya siku tatu. Tutachora jedwali letu la safu tatu. Waliochangia NHIF tangu ujana, mama mwenye mtoto mgongoni, mwenye kibanda, muuguzi wa Mama Lucy anayeishi kati yetu, kila mmoja aandike kifungu kinachomgusa na sababu yake. Hatutaandika mengi. Kamati hushindwa kusoma kurasa 40, lakini mbili zilizo wazi husomwa.

Ukumbi huu ukifungwa, karatasi zitabaki kwenye meza ile karibu na mlango, pamoja na kalamu. Juu ya kila karatasi nimeandika mahali pa kupeleka: Karani wa Bunge la Kitaifa, Sanduku la Posta 41842-00100, Nairobi. Waweza pia kupeleka kwa mkono katika Majengo ya Bunge, na ukifanya hivyo, dai nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, uihifadhi.